Wazee wainuke wenyewe: shajara ya mradi wetu hapa Ngamiani, Tanga

Januari, mwanzoni

Haya, tumeanza. Mradi ni mdogo, hauna bango wala mfadhili, niko mimi nafanya fiziotherapia, yupo dada mmoja wa lishe, na vijana wawili wa mtaani wenye moyo, tunakutana na wazee asubuhi kwenye baraza ya nyumba moja kubwa huku Ngamiani kabla jua halijakuwa kali. Tunapokea wa miaka 60 kwenda juu, hapo ndo Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inapoanza kumhesabu mtu mzee, ila waliokuja wengi washavuka 70 na wapo wa 80 na zaidi.

Lengo letu ni moja tu, mzee ainuke mwenyewe alipokaa na atembee mwenyewe aende chooni, msikitini, kwa jirani yake, bila kusubiri mjukuu atoke shule. Presha na sukari kila mzee hapa anajua namba zake anakutajia kama namba ya simu, lakini nguvu ya miguu hakuna anayeipima, mtu anahudhuria kliniki miaka na miaka na hajawahi kuambiwa hebu mama inuka kwenye hicho kiti nikuone. Na miguu ikishaisha nguvu ndo mzee anaanza kuanguka, akianguka nyonga inavunjika, ikivunjika nyonga basi mambo yanageuka nyumba nzima.

Januari, wiki ya vipimo

Tunatumia kipimo kinaitwa SPPB, kilitengenezwa Marekani na kina Guralnik mwaka 1994, nakipenda kwa sababu hakitaki mashine yoyote. Unahitaji kiti, chaki na saa ya simu. Kwanza mzee anasimama miguu pamoja sekunde 10, halafu kisigino kimoja kando ya kidole gumba cha mguu mwingine sekunde 10, halafu mguu mmoja mbele ya mwingine kwenye mstari mmoja sekunde 10. Pili anatembea mita 4 mwendo wake wa kawaida. Tatu anakunja mikono kifuani anainuka na kukaa mara 5 haraka anavyoweza. Kila sehemu ina pointi mpaka 4, jumla 12. Ukitembea hizo mita 4 chini ya sekunde 4.82 unapata zote, ukizidi sekunde 8.70 unapata 1. Kwenye kiti ukimaliza ndani ya sekunde 11.19 unapata 4. Wataalamu wa Ulaya wa mambo ya misuli nao kwenye mwongozo wao wa 2019 wanasema akizidi sekunde 15 kwenye kiti basi nguvu ya misuli imeshuka, na mwendo wa mita 0.8 kwa sekunde kushuka chini ni dalili kwamba hali imeshakuwa mbaya.

Kiti kiwe cha mbao kisicho na mikono na kiegemezwe ukutani. Vile vya plastiki vinapinda mzee akikaa kwa nguvu na vinateleza kwenye sakafu ya saruji, msijaribu.

Sasa kilichotokea. Aliyetushangaza wote ni babu mmoja fundi baiskeli, miaka 80 kaivuka, mnajua Tanga na baiskeli, huyu toka ujana anachuchumaa kwenye gurudumu anainuka anachukua spana anachuchumaa tena, mpaka leo. Kamaliza kiti chini ya sekunde 12 na hapumui kwa shida, akaniuliza "ndo basi?" Halafu akaja bibi mmoja wa mtaa wa pili, mdogo kwa yule babu kwa miaka kama 10, mwili mzuri, meno yapo, sukari hana. Nikamwambia bibi kunja mikono uinuke. Akajivuta mbele, akajaribu, makalio yakaachana na kiti kama upana wa kiganja, akarudi puu. Akajaribu tena. Mikono ikawa inatoroka yenyewe inatafuta pa kushika. Akanitazama akasema "mwanangu miguu hii si yangu tena."

Binti yake alikuwepo, nikamuuliza nyumbani anafanya nini siku nzima. Kwa mapenzi kabisa akanijibu, "Bibi tumempumzisha, hafanyi kitu, maji anapelekewa, chakula anapelekewa hapo hapo kwenye kochi, kazi zake alishafanya." Nikauliza zamani alikuwa anafanya nini, bibi akadakia mwenyewe, nilikuwa nakuna nazi. Nazi za nyumba nzima, na za biashara pia, alikuwa anauza samaki wa kupaka jioni. Mbuzi waliificha miaka kadhaa nyuma asije akajikata au akashindwa kuinuka.

Nimeondoka pale na hilo kichwani. Kukaa kwenye mbuzi na kuinuka ni kuchuchumaa mpaka chini na kupanda na mwili wako wote, mara ngapi kwa siku. Kile alichonyang'anywa ndo kilikuwa kinamshikilia. Nayaandika haya kwa herufi za moyo maana nyumba nyingi nilizoingia ni hivyo hivyo, heshima yetu kwa wazee tunaionyesha kwa kuwakalisha, na kukaa ndo kunawamaliza.

Februari, kabla ya mfungo

Mazoezi yameanza, mara 3 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wa 2020 linataka wa miaka 65 na kuendelea wapate dakika 150 mpaka 300 za kujishughulisha kwa wiki, na mazoezi ya nguvu na ya kujizuia kuanguka yawe siku 3 au zaidi. Kutembea peke yake hakutoshi, hilo nalirudia kila siku kwa sababu mzee akisema anafanya mazoezi ukimuuliza anakwambia natembea mpaka sokoni, ni vizuri sana lakini msuli wa paja unataka uzito.

Tunachofanya: kuinuka kwenye kiti bila mikono, asiyeweza tunamwekea mto mzito juu ya kiti ili aanzie juu, wiki zikienda tunatoa mto. Kunyanyua visigino huku umeshika ukuta. Kupanda na kushuka kidaraja cha baraza. Kutembea kisigino kwa kidole kando ya ukuta. Kunyoosha goti ukiwa umekaa, na hapa ndo babu fundi katuokoa, katuletea tyubu za ndani za baiskeli zilizochoka, tukazipasua kwa urefu zikawa mikanda, unafunga upande mmoja kwenye mguu wa kiti upande wa pili kwenye kifundo cha mguu, unanyoosha. Tyubu moja ni nyepesi, ukizidisha ya pili ni kazi. Kwa mikono tunatumia chupa za maji zilizojaa mchanga, ya nusu lita inakuja kama gramu 800 hivi, ya lita moja na nusu inavuka kilo 2.

Jambo la kushika ni ugumu. Mara mbili tatu za mwisho ziwe ngumu kweli, mzee akimaliza kumi huku anapiga stori basi uzito ni mdogo ongeza. Watu wanaogopa hapa, wanaona wazee wapewe vitu vyepesi vyepesi kunyoosha vidole na kupiga makofi. Mwaka 1994 Maria Fiatarone na wenzake kule Boston walichukua wazee 100 dhaifu wanaoishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri miaka 87, wengi wanatembelea fimbo au vyuma, wakawafanyisha mazoezi mazito ya miguu wiki 10. Nguvu ya misuli ikapanda kwa asilimia 113, yaani zaidi ya mara mbili, wasiofanya mazoezi wakapanda asilimia 3. Miaka 87! Kwa hiyo mtu asinambie bibi wa 74 kachelewa.

Tahadhari zetu: presha inapimwa kabla, hakuna kubana pumzi, unatoa hewa wakati wa kuinuka, maumivu ya kifua au kizunguzungu unakaa chini na tunakuangalia, anayetumia dawa za kushusha sukari lazima awe amekula. Na ndala zote nje, ndala na mazoezi ya kujizuia haviendani.

Februari, habari ya sahani

Hii wiki ilikuwa ya dada wa lishe na nilijifunza mengi. Kazunguka majumbani anaangalia wazee wanakula nini hasa, haangalii kilichopikwa, anaangalia kilichoingia mdomoni, na kumbe ni vitu viwili tofauti. Yule bibi wa mbuzi asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Mchana wali na mchuzi wa samaki, kapewa kipande kizuri cha changu, dada anaona kwa macho yake bibi anachambua mnofu anamlisha mjukuu aliyekaa pembeni, tonge la mnofu la mtoto, tonge la wali na mchuzi la bibi, mpaka kipande kikaisha ukabaki mwiba. Usiku muhogo wa kuchemsha na chai. Watu wa nyumba wanaapa bibi anakula vizuri, na tumbo limejaa kweli.

Wataalamu wa kundi la PROT-AGE walipendekeza mwaka 2013 mzee apate protini gramu 1.0 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, zaidi ya kijana, kwa sababu msuli wa mzee ni mzito kusikia, kiasi kidogo ambacho kwa kijana kinajenga kwake hakitoshi. Bibi ana kilo 55 hivi, kwa hiyo anataka gramu 55 mpaka 66. Kwa siku ile hakufika hata nusu. Yai moja lina gramu 6 hivi, glasi ya maziwa au mtindi 8, kikombe cha kunde zilizopikwa karibu 14, kipande cha samaki cha gramu 100 kinavuka 20. Muhogo, iwe wa kuchemsha au bada, una protini kidogo mno, chai ya rangi haina kitu. Mimi bada naipenda na sitamwambia mtu aiache, ila bada iende na samaki au kunde nzito, isiende na mchuzi wa kupitisha tu.

Halafu ni muhimu igawanywe, asilimbikiziwe usiku. Asubuhi ndo pamekaa vibaya kuliko kote. Tulichokubaliana na nyumba nyingi ni rahisi, mbaazi za nazi asubuhi badala ya maandazi matupu, au yai, au chai iwe ya maziwa, au unga wa dagaa ndani ya uji kwa asiye na meno, dagaa wasiwe wa chumvi nyingi kwa wenye presha. Mwenye ugonjwa wa figo uliofika mbali huyu hatumwongezei protini mpaka daktari wake aseme. Na mnofu wa bibi sasa wanamtolea mjukuu sahani yake mapema ashibe kwanza, ndo njia pekee iliyofanya kazi, kumkataza bibi asimpe mjukuu hiyo haiwezekani Tanga hii.

Kuna swali tunaulizwa sana, si nimnunulie tu yale maziwa ya unga ya makopo ya wazee? Kwenye ule utafiti wa Boston kuna waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi, nguvu haikuongezeka. Chakula ni tofali, bila fundi tofali linakaa pale pale. Ukiwa na hela nunua mayai na samaki halafu mlete baraza.

Ramadhani

Tumehamisha muda, baada ya tarawehe, taa ya baraza tunawasha, na uzito tumepunguza kidogo hatujasimamisha. Wasiofunga kwa ugonjwa au uzee, dini imewapa ruhusa yao, hao wanakuja asubuhi kama kawaida.

Futari zetu ni tamu lakini ziangalie: muhogo, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati, uji. Wanga juu ya wanga. Dada kawaomba kitu kimoja tu, kila futari iwe na samaki au mayai au kunde, na daku isiwe chai na mkate. Maji kati ya futari na daku pia tumesisitiza maana mzee hasikii kiu sawasawa.

Babu mmoja katukosa, alilazwa kwa nimonia, karudi nyumbani kapona kifua lakini miguu imekwisha, kabla alikuwa anapanda kidaraja bila kushika, sasa anatoka chumbani kashikiliwa. Hili linajulikana, mwaka 2007 walichapisha utafiti wa wazee wazima wa afya waliolala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Wazima hao, je mgonjwa asiyekula. Tumewaandikia ndugu wote kwamba mzee akilazwa, daktari akiruhusu basi akae pembeni ya kitanda wakati wa kula, ainuke mara chache kila mnapoenda kumuona, na mnapoleta chakula leteni samaki au mayai, msilete uji mtupu. Babu tumeanza naye upya nyumbani kwake na mito miwili kwenye kiti.

Baada ya Idi

Tumepima tena. Pointi 1 kwenye SPPB inahesabiwa mabadiliko makubwa ambayo mtu mwenyewe anayahisi, na wengi wa waliohudhuria mfululizo wameipata au wameipita. Wachache wamebaki pale pale, nikiangalia ni wale wale waliokuwa hawapendi tyubu ya pili. Mmoja kashuka, ni yule babu wa nimonia.

Bibi wa mbuzi kainuka. Bila mto, mikono kifuani, mara 5. Kachukua kama sekunde 19 kwa hiyo kwenye karatasi ni pointi 1 tu ya sehemu ile, lakini alikuwa na sifuri. Mara ya tano akabaki amesimama hataki kukaa, akamwambia binti yake "mbuzi yangu iko wapi?" Binti akaangalia chini. Nimeongea na familia, tumekubaliana mbuzi irudi ila iwekwe karibu na ukuta, na mtu awepo siku za mwanzo, na akune nazi moja kwa siku sio za nyumba nzima. Kaka yake mkubwa hajafurahi, anaona majirani watasema wanamtumikisha mama. Nimemwambia kaka hilo la majirani nitalibeba mimi, waje waniulize.

Jambo jingine lililonigusa ni wazee wa kiume. Wengi walikuwa wanasali kwenye kiti kwa sababu kutoka sijida hawawezi kuinuka, na inawauma kuliko magoti yenyewe. Kwa hiyo tumeongeza zoezi la kutoka chini kwenye mkeka: unageukia upande, unapiga magoti, mguu mmoja mbele, mkono kwenye paja, unasukuma. Tunaanza na stuli pembeni ya kushika. Wawili tayari wamerudi kusali kwenye mkeka. Hili zoezi lina faida nyingine, mzee akianguka akiwa peke yake ajue kujinyanyua, kulala sakafuni masaa nako kunaumiza, sio kuanguka kwenyewe tu.

Masika

Mvua inatuharibia ratiba, baraza inalowa na mitaa inateleza, sitaki mzee avunjike nyonga akija kwenye mazoezi ya kuzuia kuvunjika nyonga. Tumegawa karatasi zenye picha na kila mtu kapewa tyubu yake, vijana wanapita nyumba kwa nyumba. Sio jambo geni, kule Otago, New Zealand, walifanya hivi hivi miaka ya 90, mazoezi ya nyumbani na uzito wa kufunga mguuni, kuanguka kukapungua kwa karibu theluthi. Na mapitio makubwa ya 2019 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 108 yalikuta mazoezi yanapunguza kuanguka kwa asilimia 23. Nayataja haya kwa sababu kuna ndugu wanauliza mbona hayana sindano, mbona hayana vidonge. Marekani walifuata wazee 1,635 wa miaka 70 mpaka 89 wasiojishughulisha kwa wastani wa miaka 2.6, matokeo yakatoka 2014, waliowekwa kwenye mazoezi uwezekano wa kupoteza uwezo wa kutembea mita 400 ulipungua kwa asilimia 18 kulinganisha na waliopewa semina za afya. Semina peke yake ilishindwa na miguu.

Majumbani vijana wameona vitu ambavyo barazani hatukuviona, vyoo vya nje bila taa, ngazi ya mlango imevunjika ukingo, kochi la chini mno linalommeza mtu. Kochi tumelinyanyua kwa matofali nyumba kadhaa. Taa ya choo, hapo tumewabana wajukuu wenye kazi, na wametoa.

Babu wa nimonia kabakiwa na mto mmoja.

Mei, mwishoni

Mvua imepungua, baraza imekauka tumerudi. Kundi la pili tunafungua Sahare, kule wazee wengi ni wavuvi waliostaafu, mabega wanayo, miguu ndo imelala, na samaki hawana shida naye kwa hiyo dada anasema kwake itakuwa kazi nyepesi, mimi nasubiri nione. Tunahitaji viti vinne vya mbao, vimepatikana vitatu, kimoja mguu umelegea kiko kwa fundi. Babu wa baiskeli kasema atakuja mwenyewe kuwaonyesha tyubu zinavyofungwa, na tyubu anazo gunia zima.